Chupa Moja ya Soda Kutoka Mombasa

Tangu nirudi, kila anayekuja kuchukua nguo yake hapa kwenye cherehani yangu sokoni Kakamega ana swali moja tu: ni kweli nilisafiri hadi Mombasa na chupa tupu ya soda? Ni kweli. Na kwa kuwa Esta wa kibanda cha tatu ameanza kuwaambia watu kwamba nilikwenda kutafuta dawa ya mapenzi, nimeamua kuandika yote mara moja. Mkishasoma, niacheni nishone.

Baba yangu, mzee Makokha wa Mayoni, alikuwa mpishi Mombasa kwa miaka tisa kabla sijazaliwa. Hakurudi na mali wala picha. Alirudi na msimamo mmoja: kwamba soda ya machungwa ya Mombasa na soda ya machungwa ya huku kwetu ni vitu viwili tofauti, hata kama chupa ni ile ile na jina ni lile lile. Ya Mombasa, anasema, inauma pembeni mwa ulimi, halafu mwisho kabisa inaacha chumvi kidogo. Ya huku ni sukari tu. Nimekua nikiyasikia hayo. Iwe Krismasi, iwe harusi, akipewa soda anapiga funda moja, anaitazama chupa, anasema, "Si mbaya, lakini si ya Mombasa."

Watu walimvumilia kwa miaka mingi, mpaka siku moja rafiki yake Osundwa, aliyestaafu kazi ya kupima miwa kwenye mizani, akachoka naye mbele ya watu wote katika kioski cha Mama Nafula. "Kiwanda ni kimoja, sukari ni moja, maji ni maji," alisema. "Mimi naona huyu Makokha hajawai fika Mombasa. Alikuwanga Kisumu tu."

Benchi zima lilicheka. Baba aliinuka akaacha soda nusu, jambo ambalo halijawahi kutokea katika ukoo wetu, akaenda nyumbani. Kwa miezi miwili hakukanyaga tena kwenye kile kioski. Alishinda jikoni kwa mama akimfundisha namna ya kukata vitunguu.

Sasa, binamu yangu Beatrice alikuwa anaolewa Changamwe, huko huko Mombasa, na gauni nililishona mimi. Mama aliposikia nasafiri hakuuliza habari za harusi. Alisema, "Selina, letea huyu mtu soda yake atoke kwa jikoni yangu."

MAYONI HADI KAKAMEGA

Mnaokunywa soda za makopo huko Nairobi, someni hapa polepole. Huku kwetu soda ni ya chupa ya kioo, na chupa si yako. Unakunywa ukiwa umesimama hapo hapo, unarudisha chupa, unakwenda zako. Ukitaka kuondoka na soda, njoo na chupa tupu ya kubadilisha. Kwa hiyo, ili chupa moja itoke Mombasa, chupa moja ilibidi iende Mombasa. Baba alikuwa ameliwaza hilo zamani. Alitoa chupa yake chini ya kitanda.

Aliiosha mara tatu kwa sabuni ya unga, akainusa, akaiosha tena. Kisha akanipa masharti. "Usinunue kwa stesheni. Enda Majengo. Usiiweke kwa jua, usiitingishe, na mtu yeyote asiguse kifuniko. Mimi nataka ifunguliwe mbele ya Osundwa."

Mama alinifungia ingokho, kuku mzima aliyekaangwa, na bonge la obusuma, ugali wa kwetu, ambalo lingetosha wakata miwa wanne. Nikapanda baiskeli ya kubeba abiria kwenda Mumias, gauni la harusi begani, chupa ndani ya kitambaa cha kichwa. Karibu na mto tulikuta trekta limemwaga miwa barabara nzima, na kila aliyepita alichukua muwa mmoja wa kutafuna huku akitoa maoni. Mwenye baiskeli alikaa chini akatafuna miwa mitatu. Nilipolalamika akaniambia kwani chupa tupu inaharibika.

KAKAMEGA HADI NAIROBI

Basi letu lilitoka asubuhi na mapema, na lilikwenda vizuri mpaka kwenye kizuizi cha polisi baada ya Kisumu. Askari mmoja mrefu alipanda akapekua mifuko. Alipofungua kitambaa changu, uso wake ulichangamka.

"Mama, hii ni nini?"

"Chupa."

"Ya nini?"

"Ya soda."

"Na soda iko wapi?"

"Iko Mombasa."

Aliinusa. Akamwita mwenzake naye akainusa. Wakatazamana. "Hii inanuka sabuni," alisema yule mrefu.

"Imeoshwa."

"Kwa nini umeiosha?"

Hapo hasira zangu, ambazo mnazijua, zikanipanda. Nilimwuliza kama kwake wanakunywa kwenye vyombo vichafu. Ikabidi niteremke na gauni langu la harusi nieleze habari za baba, za Osundwa na za chumvi ya mwisho wa ulimi, huku abiria wote wametoa vichwa madirishani. Askari alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwa upole kwamba kwao Machakos soda ina ladha ya udongo kidogo na hakuna anayemwamini. Akanirudishia chupa kwa mikono miwili.

Kosa langu likawa kwamba basi zima lilikuwa limesikia. Tulipopita Kericho mkanda wa feni ulikatika, na kwa saa tatu watu hawakuwa na jambo jingine la kujadili. Mwalimu mmoja mstaafu alisema ni mwinuko wa nchi, kwamba juu mlimani mapovu ni mengi na pwani mapovu ni mazito. Mama mmoja wa Kisii akasema soda ya kwao ni tamu zaidi kwa sababu ya ndizi. Alipoulizwa ndizi zinaingiaje kwenye soda, akasema yeye hakusema zinaingia. Wakagawanyika pande mbili kabisa, wa maji-ni-maji kwenye kivuli cha basi na wa maji-si-mamoja kwenye majani ya chai. Mimi nilikaa katikati nikila kuku. Hadi Nairobi kondakta aliniita Mama Chupa, na treni ya Mombasa ya siku hiyo nikaikosa.

NAIROBI HADI MOMBASA, NA VOI KWA MUDA MREFU

Treni ya kesho yake niliiwahi. Nililala vizuri nikaamka nikidhani tumefika, kumbe tumesimama Voi na injini imekufa. Tulikaa hapo mpaka jua likawa utosini.

Kwenye chumba chetu alikuwamo mama mmoja wa Mombasa, Bi Zuhura, aliyekuwa akirudi kutoka kumtazama mwanawe. Alinikaribisha mahamri na mbaazi za nazi, nami nikamkaribisha paja la mwisho la kuku. Alikula, akapangusa vidole, akaitazama ile chupa dirishani.

"Mwanangu," alisema, "watu watoka bara na kuku, watoka na mahindi, watoka na viazi. Wewe waja na chupa tupu. Umekosana na nani?"

Nikaeleza tena. Nilikuwa nimeshaizoea hadithi kiasi cha kuipunguza panapofaa. Bi Zuhura hakucheka hata kidogo. "Babako yuna haki," alisema. "Soda yetu ina chumvi. Hata chai yetu ina chumvi, ni vile sisi tumezoea. Alikaa mtaa gani?"

"Alipika Kizingo."

"Kwa nani?"

Miaka thelathini na mitatu nimemsikia baba akisema Mombasa, Mombasa, na sijawahi kumwuliza alikuwa akimpikia nani. Nilisema nimesahau jina. Bi Zuhura akaniongeza mbaazi.

MOMBASA

Harusi ilikwenda vizuri, gauni lilitosha, Beatrice alilia mahali panapostahili. Hayo mtaona kwenye picha zikija.

Siku ya mwisho nilikwenda Majengo. Jua lilikuwa kali mpaka nikawa naona mawimbi juu ya lami. Mwenye duka, kijana mnene mwenye kikoi, alichukua chupa yangu akaikagua mdomoni kama ina ufa, akaridhika. "Baridi au moto?" aliuliza. Nikasema moto, isiyotoka kwenye friji, maana ina safari. Akachukua soda kwenye kreti, akaiweka mbele yangu, na kabla sijafumba mdomo mkono wake wenyewe ukaenda kwenye kifungulio. Psss.

"Nimekwambia naenda nayo Kakamega," nilisema.

"Samahani dadangu, mkono umezoea."

Ilibidi niinywe. Hii ndiyo sehemu ambayo wote mnauliza, kwa hiyo nitasema ukweli: sijui. Nilikuwa na kiu ya kunywa hata maji ya mtaro. Iliteremka yote bila kugusa pembe za ulimi. Nilipoilamba midomo nilisikia chumvi, lakini nilikuwa nimetoka jasho tangu asubuhi.

Ya pili alinikabidhi, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, nikaifunga kwenye kitambaa, kitambaa kwenye sketi, sketi katikati ya mfuko. Mwenye duka alinisindikiza hadi barabarani akinihakikishia kwamba soda ya bara ni ya watoto.

MOMBASA HADI MUMIAS

Kurudi hakukuwa na tatizo, na hilo lilinitia hofu. Treni ilifika kwa wakati. Basi halikuharibika. Chupa niliipakata siku mbili, nikiinua begi kila tulipopita shimo. Mwanamume aliyekaa karibu nami aliuliza mtoto ana umri gani.

Nilipoteremka Mumias ilikuwa saa nane mchana, na kwa Senge Nabwire, dadake baba, ni mwendo wa dakika tano. Nyie mnaojua kwetu mnaelewa kwamba huwezi kushuka Mumias ukapita nyumba ya senge yako bila kuingia. Ukipita, utasikia habari zako hadi uzeeni. Nikaingia. Akanishangilia, akanipokea mzigo, akanipelekea maji ya kuoga bafuni nyuma ya nyumba. Nilikuwa na vumbi la Kenya nzima mwilini. Nikaoga taratibu, nikiimba.

Nilipotoka nilimkuta Katekista wa kanisa lao sebuleni, amekaa kwenye kiti kizuri, mrija mdomoni. Mbele yake ilikuwepo chupa ya soda ya machungwa, na kilichobaki kilikuwa kama kidole kimoja. Nilipotazama, kidole hicho nacho kikapanda mrija.

"Senge," nilisema, "hiyo soda umeitoa wapi?"

"Si kwa mfuko wako? Katekista amekuja na nyumba haina kitu, nikasema Mungu ni mwema, msichana wetu ameniletea soda. Nimefungua mbele yake, kwa heshima kabisa."

Na hapo sikuweza kumlaumu. Kwetu mgeni hapewi chupa iliyofunguliwa kule jikoni. Anafunguliwa mbele ya macho yake, aone hakuna aliyeigusa. Na msichana anayetoka Mombasa akiingia kwa senge yake na soda kwenye mfuko, hiyo soda ni ya nani kama si ya senge? Angefanya vile mwanamke yeyote kutoka Musanda hadi Sigalagala. Nilikaa chini nikiwa na povu sikioni.

Nikamgeukia Katekista. "Baba Katekista, tafadhali nisaidie. Ilikuwa na chumvi?"

Alifikiri sana. "Binti yangu," alisema, "mimi niliinywa kwa shukrani. Ladha sikuangalia."

Senge alipojua ile soda ilikuwa ya nani alishika kichwa. Halafu, kwa kuwa yeye ni mtu wa kutenda, akangoja mpaka Katekista alipokwenda, akachukua ile chupa tupu, akavuka barabara, akarudi nayo imejaa, kifuniko kikiwa salama. Soda ya machungwa, ya Mumias. "Chupa ni ile ile, rangi ni ile ile," alisema. "Ndugu yangu ni mzee. Atajuaje?"

Ningeweza kukataa. Nilifikiria uso wa baba akinipokea mikono mitupu, nikaifunga kwenye kitambaa.

MUMIAS HADI MAYONI

Nilitaka jambo lifanyike nyumbani, kimya kimya. Lakini mama alikuwa ametangaza sokoni. Nilipofika, baba alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani, na kioski cha Mama Nafula kilikuwa na watu kama siku ya kulipwa miwa. Osundwa alikuwa ameketi katikati ya benchi. Baba hakuketi. Alisema atakaa akishamaliza.

Mama Nafula aliifungua chupa mbele yake. Baba akaipokea, akapiga funda, akafumba macho. Akaipitisha soda kushoto, akaipitisha kulia, akameza. Akapiga funda la pili. Mimi nilikuwa natazama vidole vya miguu yangu.

"Hii siyo," alisema.

"Ati nini?" aliuliza Mama Nafula.

"Hii siyo ya Mombasa. Hii ni ya hapa hapa."

Kicheko kilichotoka hapo kilisikika Matungu. Osundwa alijipiga paja. "Mtoto amebeba soda siku mbili, mzee anaikataa! Makokha, Mombasa yenyewe imekuja mpaka kwa mdomo wako na umeikosa!"

Baba aliitazama chupa. Kisha akanitazama mimi, bila hasira yoyote, akasema polepole, "Labda ulimi umezeeka."

Hilo sikuweza kulivumilia. Nilisimama nikasema kila kitu: bafu, Katekista, mrija, senge akivuka barabara. Nikasema baba ana haki, soda ni ya Mumias, mwongo ni mimi. Mnadhani waliniamini? Waliendelea kucheka. "Anamtetea babake," walisema. "Msichana mzuri." Nilipiga kelele kwamba waulize Katekista, na mtu mmoja akajibu hata Katekista sasa ameingizwa kwa hii maneno.

Aliyeinua mkono kunyamazisha watu ni Osundwa. Alikuwa ameacha kucheka muda kidogo kabla ya wengine.

"Ngojeni," alisema. "Mimi nilipimanga miwa miaka ishirini. Mtu wa kudanganya anakujanga na jibu yake kabla gari halijapanda mizani. Huyu Makokha alihitaji tu kusema 'ndiyo hii', na sisi wote tunanyamaza. Mtoto wake ndiye ameleta. Chupa imefunguliwa mbele ya watu. Kwani alikuwa anapoteza nini?" Alizunguka akitazama benchi. "Na hakusema."

Osundwa akasogea, akapangusa mahali palipobaki kwa kiganja. "Keti, Makokha. Sasa sema, huko Mombasa ulikuwa unapikia nani?"

Baba aliketi. Akaeleza mpaka saa ya kukamua ng'ombe. Kumbe alimpikia nahodha mstaafu mwenye paka saba, na kila paka alikuwa na sahani yake na chakula chake, na mmoja hakula samaki kwa sababu zake mwenyewe. Osundwa aliuliza majina ya paka. Baba aliyajua yote saba. Mimi, bintiye, niliyasikia kwa mara ya kwanza pamoja na benchi zima.

Tuliondoka wawili, mimi na baba, tukapita kando ya miwa. Alikuwa akitembea vizuri, koti limefunguliwa vifungo. Nilimwomba msamaha kwa ile chupa. Akasema senge yangu amekuwa hivyo tangu utoto. Tukatembea kidogo.

"Wewe uliponiletea ile soda," alisema, "ulijua ni ya Mumias."

"Ndiyo, baba."

"Na ulidhani sitajua."

"Nilidhani hutajua."

"Kwa hivyo na wewe ulikuwa unaona Mombasa ni maneno yangu tu."

Ningeweza kusema hapana, na nadhani angekubali. Nikasema ndiyo.

"Osundwa angalau alisema mbele ya watu," alisema. Kisha akanishika mkono tuvuke mtaro, akaanza tena na paka wa kwanza, kwa kuwa nilikuwa nimekosa jina lake.